Mtoto ni wa nani, na sufuria hii ni ya nyama au ya maziwa?
Maswali ya Wasomaji: imani, ukoo na utambulisho katika nyumba za Kiyahudi

Barua za safari hii zimeandikwa na watu waliochumbiana na Wayahudi, wanaofanya kazi majumbani mwao, na baadhi ambao ni Wayahudi wenyewe. Jambo moja litajirudia katika majibu yetu: Uyahudi hauna mkuu mmoja anayewasemea wote. Kabla ya kuuliza sheria inasemaje, uliza ni jamii gani na rabi wao ni nani. Waorthodoksi hushika sheria ya kidini, halakha, kama amri isiyofutwa kwa kura. Wakonsevativu nao huishika, lakini kamati ya marabi wao huitolea tafsiri mpya. Mkondo wa Reformu humwachia mtu na jamii yake uamuzi mpana zaidi. Na wapo wengi wasiosali kabisa ambao bado ni Wayahudi mbele ya mikondo yote, kwa sababu Uyahudi ni ukoo na watu kwanza, halafu ndipo huja mambo ya kusadiki.

*

SWALI: Mchumba wangu ni Myahudi kwa upande wa baba. Mama yake ni Mlutheri. Alilelewa sinagogini na akafanya bar mitzva, sherehe ya kijana kuingia utu uzima wa kidini, lakini jamaa yake aliyehamia Israel alimwambia mezani kwamba yeye si Myahudi. Mimi ni Mkatoliki kutoka Kilimanjaro, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, basi. Watoto wetu watakuwa nani? Na je, kuna la kuangalia kuhusu harusi yenyewe?
— Bibi harusi mtarajiwa, Minneapolis

JIBU: Dada, mchumba wako na jamaa yake wote wamesema kweli, kila mmoja kwa sheria ya nyumba anayosali.

Kwa Waorthodoksi na Wakonsevativu, Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia kwa njia ya uongofu. Wamakonde na Wamwera, ambao kwao ukoo hupitia kwa mama, watalielewa hili upesi kuliko Mchaga au Mkikuyu. Baba naye ana sehemu yake: ukuhani, yaani kuwa Kohen, na ulawi, hupita kwa baba peke yake. Lakini mlango wa kuingilia ni mama.

Mwaka 1983 baraza la marabi wa Reformu la Marekani lilipitisha azimio kwamba mtoto wa mzazi mmoja Myahudi, awe mama au baba, huhesabiwa Myahudi ikiwa uhusiano huo unathibitishwa kwa matendo ya hadharani: kupewa jina, kusoma Torati, bar au bat mitzva, kuishi katika jamii. Watu husahau kwamba azimio hilo linafunga pande zote mbili. Damu ya baba peke yake haitoshi, na hata ya mama inatakiwa iambatane na malezi. Mchumba wako ametimiza masharti hayo. Kwa sinagogi lake ni Myahudi kamili, na hakuna anayemfanyia hisani kwa kumwita hivyo.

Israel kuna kipimo cha tatu, na hapa ndipo wengi hupotea. Sheria ya Kurejea ya 1950, iliyopanuliwa 1970, humpa haki ya uraia mtoto na mjukuu wa Myahudi, pamoja na wenzi wao. Mchumba wako anaingia humo kwa baba yake. Watoto wenu wataingia kwa babu yao. Wajukuu zenu hawataingia kwa njia hiyo. Ila mambo ya ndoa ya Wayahudi nchini Israel yako mikononi mwa Urabi Mkuu, unaofuata hesabu ya mama, na ndoa ya kiserikali haifungwi nchini. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa raia, akatumikia jeshi, na bado asiweze kufunga ndoa nyumbani kwake. Watu wa namna hiyo huenda nje, mara nyingi Cyprus, wakafunga huko na kuja kuiandikisha.

Sasa harusi. Kwetu harusi ni Jumamosi. Kwa Wayahudi haiwezekani kufunga ndoa tangu jua litue Ijumaa hadi nyota zitoke Jumamosi usiku, na mwezi Juni huko Minneapolis hizo nyota ni usiku mkubwa. Chagueni Jumapili mapema, kabla shangazi na wajomba hawajakata tiketi. Rabi wa Kiorthodoksi hatafungisha ndoa hii. Wa Konsevativu amekatazwa na chama chake. Wengi wa Reformu watakubali, lakini baadhi hawasimami na padri kwenye madhabahu moja, basi mwulizeni hilo kwenye kikao cha kwanza.

Upande wako nao una sharti, na tunakusihi usilifiche. Mkatoliki anayeolewa na asiyebatizwa anahitaji ruhusa maalumu ya askofu, la sivyo Kanisa halitaitambua ndoa. Katika kuiomba utaahidi kufanya yote uwezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mchumba wako ataarifiwa juu ya ahadi hiyo. Wakati huohuo sinagogi lake litataka nyumba yenye dini moja ya watoto, na mengi hayapokei katika madarasa yao mtoto anayesomeshwa mafundisho ya dini nyingine. Ahadi hizi mbili haziwezi kutimizwa na watu walewale kwa mtoto mmoja. Ndoa za aina hii huumia kwa kuahirisha zaidi kuliko kwa tofauti zenyewe: kila mmoja anadhani mwenzake atalegea mtoto akizaliwa, halafu mtoto anazaliwa.

Na akiwa wa kiume, muda ni mfupi mno. Tohara ya Kiyahudi, brit mila, hufanywa siku ya nane, siku ya kuzaliwa ikihesabiwa kuwa ya kwanza. Aliyezaliwa Jumanne mchana atatahiriwa Jumanne ifuatayo. Aliyezaliwa Jumanne baada ya jua kutua ni mtoto wa Jumatano, kama Waislamu nao wanavyohesabu siku kuanzia magharibi. Mtoto akiwa na manjano, tohara husubiri hadi apone. Daktari akimtahiri hospitalini siku ya pili bila nia wala baraka, hiyo ni upasuaji tu, na baadaye jamii nyingi zitadai tone la damu lichomolewe kama ishara ya agano. Ni jambo dogo kwa mwili, lakini wazazi wengi hulia kwa kuwa hawakuambiwa mapema.

Ikiwa mtaamua watoto wawe Wayahudi hata machoni mwa Wakonsevativu, njia ipo: mtoto huzamishwa kwenye mikve, birika la utakaso, mbele ya marabi watatu, nawe huhitaji kubadili dini yako. Atakapofika miaka 13, au 12 kwa binti, ana haki ya kuukataa uongofu huo. Waorthodoksi kwa kawaida hawatakubali kama mama hajaongoka.

Hamko peke yenu. Utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kati ya Wayahudi wa Marekani waliofunga ndoa tangu 2010, asilimia 61 walioana na wasio Wayahudi. Mtawakuta wenzenu katika kila sinagogi la Reformu mjini. Waulizeni wale wenye watoto wakubwa, si maharusi wapya.

*

SWALI: Ninamtunza bibi wa miaka 88 nyumbani kwake. Wiki iliyopita nilikorogea maziwa ya moto kwa kijiko cha droo isiyo yake, nikakiosha haraka. Binti yake alifadhaika sana, hasa kwa sababu nilikiosha. Sikuelewa. Naomba kanuni za jiko hili, na za siku ya Ijumaa pia.
— Mtunza wazee, London

JIBU: Mama, kuosha kwako ndiko kulikoongeza tatizo, tena ulifanya kwa nia njema. Hebu tueleze jinsi linavyofanya kazi.

Jiko la kosheri, yaani linalofuata sheria ya Kiyahudi ya chakula, lina seti mbili za kila kitu: sufuria, vijiko, mbao za kukatia, masifongo, mara nyingi hata masinki mawili. Moja ya nyama, na kuku yumo humo. Nyingine ya maziwa, jibini na siagi. Nyumba nyingi hutia alama nyekundu kwa nyama na buluu kwa maziwa, lakini usikisie, omba uonyeshwe. Kuna kundi la tatu, parve, lisilo upande: mayai, samaki, mboga, matunda, nafaka, mafuta ya mimea. Hilo huliwa na upande wowote, ila samaki hawapikwi pamoja na nyama.

Kinachobeba ladha kutoka chombo hadi chombo ni moto. Kijiko cha nyama kikigusa maziwa baridi, mara nyingi kuosha kwa maji baridi na sabuni kunatosha. Kikiingia kwenye maziwa ya moto, kijiko, maziwa na sufuria vyote vimeingia katika shauri. Ukivipeleka kwenye sinki lenye maji ya moto, umeongeza vyombo vingine kwenye kesi. Siku nyingine likitokea, fanya hivi: simama, zima moto, weka vyote pembeni bila kuosha wala kutupa, na andika mambo manne. Ni kipi kiligusa nini? Kilikuwa cha moto? Chakula kilikuwa kiasi gani? Na kijiko hicho kilitumika lini mara ya mwisho kwa chakula cha moto? Rabi atauliza hayohayo. Chombo kilichokaa saa 24 bila kutumiwa kina hukumu nyepesi, na kiasi kilichoingia kwa bahati mbaya kikiwa chini ya sehemu moja ya sitini ya chakula, mara nyingi chakula hicho kinaokoka. Familia nyingi hupiga simu tu na kupata jibu hapohapo.

Bibi akila nyama, usimpe chai ya maziwa mpaka muda wa desturi yao upite: saa sita kwa wengi, saa tatu kwa wenye asili ya Ujerumani, saa moja kwa wenye asili ya Uholanzi. Kutoka maziwa kwenda nyama ni rahisi zaidi: kusukutua na kula kitu kikavu kunatosha kwa wengi, isipokuwa jibini gumu lililokaa miezi.

Mambo matatu wafanyakazi hawaambiwi mapema. Kwanza, katika nyumba ya Kiorthodoksi Myahudi ndiye anayepaswa kushiriki katika upishi, hata kwa kuwasha jiko tu. Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu, hutaka pia aweke sufuria motoni. Basi mwombe bibi au binti yake awashe, kisha uendelee. Pili, yai livunje kwenye glasi kwanza. Likiwa na doa la damu hutupwa. Tatu, mvinyo uache wamimine wenyewe, usipokuwa umeandikwa mevushal kwenye chupa, yaani umepashwa moto. Usilichukulie kama tusi kwako. Ni sheria ya zamani sana, iliyowekwa kuwalinda na mvinyo wa matambiko, nao wataifuata hata mbele ya mgeni wanayempenda.

Ijumaa: mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kutua. Nairobi saa hiyo haichezi sana mwaka mzima. London ni mambo mengine: Desemba Sabato huingia kabla ya saa kumi alasiri, na mwishoni mwa Juni jua hutua baada ya saa tatu usiku. Pata jedwali la saa kutoka sinagogi lao na ulibandike ndani ya kabati. Bibi awe ameoga, amekula dawa, na chakula kiko kwenye sahani ya umeme iliyokwisha washwa. Baada ya hapo taa inayowaka iache iwake, iliyozimwa iache, na balbu ya friji iwe imelegezwa tangu mchana. Usizime sahani ile kwa kudhani wamesahau. Huo ndio mkosi wa kawaida, na Jumamosi yote hula chakula baridi.

Lakini yeye ni mgonjwa, nawe si Myahudi. Kwa mahitaji yake ya afya sheria inakuruhusu kuwasha, kupasha na kupiga simu. Na akianguka, akishikwa kifua au akichanganyikiwa ghafla, piga 999 bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Kuokoa maisha huitangulia Sabato kwa mikondo yote, na anayesita kwa heshima ya Sabato ndiye anayeivunja sheria.

*

SWALI: Mwenzetu kazini, Myahudi, amefiwa na mama yake. Tumeanza kuchanga, na wengine wanataka kuagiza mashada. Tufanyeje?
— Kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, Nairobi

JIBU: Msipeleke maua. Michango ipelekeni kwa jina la marehemu kwenye shirika la hisani ambalo familia itataja. Bahasha ya fedha mkononi si desturi yao.

Maziko hufanyika upesi, siku hiyohiyo au ya pili pakiwezekana, isipokuwa Sabato. Maiti huoshwa na watu wa jinsia yake, humiminiwa maji mfululizo, kama lita 23, na kuvikwa sanda nyeupe sawa kwa tajiri na maskini. Waislamu kati yenu mtaona mambo mengi mnayoyajua. Kaburini kila mmoja anaweza kutia mchanga kwa koleo. Ukimaliza lisimike ardhini, usimkabidhi mwenzako mkononi.

Halafu huja shiva, siku saba za kukaa nyumbani. Nendeni wakati huo, lakini si tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku. Mlango huwa wazi, ingieni bila kubisha. Vioo vimefunikwa, wafiwa wameketi kwenye viti vifupi. Keti karibu, na usianze kuzungumza mpaka mfiwa azungumze. Hili ni gumu kwetu tuliozoea kuimba na kuhubiri matangani, ila ukimya huo unawafaa kweli. Msimtie moyo kwa kusema ni mapenzi ya Mungu. Mtajeni marehemu kwa jina, mwulizeni alikuwa mtu wa namna gani.

Chakula ni msaada mkubwa, lakini kama nyumba ni ya kosheri pelekeni matunda mazima, au vitu vilivyofungwa vyenye muhuri wa kosheri. Pilau ya nyumbani kwako, hata iwe nzuri vipi, itawatia katika taabu ya kukataa. Kazini, mjue kwamba atakuwa akisali kadishi, sala ya wafiwa, kwa miezi 11, na sala hiyo inataka watu wazima kumi. Mpeni nafasi ya kutoka mapema.

*

SWALI: Mke wangu ni Myahudi, nami ni Mkongo wa Bukavu. Nataka mtoto wetu aitwe jina la baba yangu, ambaye yu hai. Mama mkwe amekataa katakata. Ananidharau?
— Baba mtarajiwa, Brussels

JIBU: Hapana, ndugu. Waashkenazi, yaani wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, hawampi mtoto jina la jamaa aliye hai. Kwao ni kama kumwitia mzee kifo. Wasefaradi, wenye asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu, hufanya kama ninyi: humpa mjukuu jina la babu aliye hai, na babu hufurahi. Njia inayotumiwa sana ni kumpa mtoto jina la Kiebrania kutoka upande wa mama, litakalotumika sinagogini, na jina la baba yako kwenye cheti cha kuzaliwa kama la pili. Mweleze mama mkwe kwamba kwenu ni baraka. Huenda hajawahi kuambiwa.

*

SWALI: Sisi ni Abayudaya, Wayahudi wa hapa hapa Uganda. Mgeni kutoka Marekani alituambia kwamba wakati wa Pasaka mahindi, maharagwe na mchele ni haramu. Tukiondoa posho na maharagwe, watoto watakula nini siku nane?
— Mama wa watano, Mbale

JIBU: Mama, mgeni wenu alileta desturi ya kwao akaiita sheria.

Kilichokatazwa na Torati ni hametzi: kilichochachuka kutokana na nafaka tano, ambazo ni ngano, shayiri, rai, oti na spelti. Mahindi, mchele, mtama, wimbi na maharagwe si miongoni mwake. Marabi wa Ulaya, tangu karne ya 13 hivi, walizuia nafaka nyingine na jamii ya kunde kwa kuogopa kuchanganyika na ngano ghalani, na Waashkenazi wakaishika desturi hiyo. Wasefaradi wengi hawakuipokea kamwe. Mwaka 2015 kamati ya sheria ya Wakonsevativu iliwaruhusu hata Waashkenazi wao. Babu zenu hawakutoka Poland. Mwulizeni rabi wenu, lakini msianze kwa hofu.

Pa kuwa na hofu ni kinuni. Mashine inayosaga ngano asubuhi na mahindi mchana itawapa unga wenye hametzi. Nunueni mahindi punje, myachambue, mkasage kwenye mashine isiyosaga ngano, au mwombe isafishwe na unga wa kwanza utoke kando. Mchele chambueni mara tatu, kidogokidogo juu ya kitambaa cheupe mchana, kabla sikukuu haijaingia. Malwa, yaani pombe ya wimbi, si hametzi kwa asili yake, ila ulizeni kama kimea kimechanganywa na shayiri au ngano.

Matsa, mkate usiochachuka, mnaweza kuoka wenyewe. Unga wa ngano uwe haujaguswa na maji. Maji yawe yamelala usiku mmoja ndani ya nyumba. Tangu maji yaguse unga hadi mkate uive, dakika zisizidi 18, na mikono isisimame kufanya kazi hata kidogo. Kinachoharibu ni donge kubwa: nusu ya wasukumaji wanasubiri, unga unapumzika, unaanza kuumuka. Kandeni donge dogo la kutosha watu waliopo, sukumeni jembamba, tobeni matundu kwa uma, tanuri liwe limeshaiva kabla ya kumwaga maji. Baada ya kila donge osheni mikono na badilisheni karatasi ya meza.

Kwa wasomaji wasiowajua: Abayudaya ni jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Uganda aliyejitahiri mwaka 1919 na kushika Torati. Idi Amin alipiga marufuku ibada yao, wengi wakaacha, wachache wakasali kwa siri. Tarehe 11 Aprili 1979, siku majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoitwaa Kampala, jioni yake ndiyo Pasaka ya mwaka ule iliyoingia. Hakuna Wayahudi wengi duniani waliopata Pasaka iliyo karibu hivyo na maana yake.

*

SWALI: Nataka kuwa Myahudi. Nimetahiriwa tangu utotoni. Kuna mtu mtandaoni anatoa cheti baada ya masomo ya wiki sita kwa malipo. Pia kuna kanisa hapa linalojiita la Kiyahudi. Nianzie wapi?
— Kijana, Mombasa

JIBU: Usilipie hicho cheti. Uongofu hauna thamani nje ya jamii inayoutambua, na hakuna mkondo unaomwongoa mtu ambaye marabi hawajamwona akiishi. Kanisa linalomkiri Yesu kuwa Masihi, hata likivaa shali za sala na kupuliza pembe, halihesabiwi kuwa Uyahudi na mkondo wowote. Hatulisemi hilo kuwadharau waumini wake. Tunataka tu ujue mlango unaogonga ni wa nyumba gani.

Ujue pia kwamba Uyahudi haukudai uingie. Asiye Myahudi akishika amri saba za Nuhu, ambazo kwao ni za wanadamu wote, wanaamini ana fungu lake kwa Mungu. Ndiyo maana rabi anaweza kukukatisha tamaa mwanzoni. Rudi tena.

Safari yenyewe huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, kwa sababu sharti uishi sikukuu zote angalau mzunguko mmoja. Utajifunza kusoma sala za Kiebrania, kosheri, Sabato. Waorthodoksi watakutaka uishi mahali unapoweza kutembea kwa miguu hadi sinagogi, na hilo kwa Mombasa maana yake ni kuhama. Nairobi kuna jamii tangu mwanzo wa karne ya 20. Uganda kuna Abayudaya: mamia yao waliongolewa mwaka 2002 na baraza la marabi Wakonsevativu, na kiongozi wao, Gershom Sizomu, alipata urabi mwaka 2008 baada ya kusomea Los Angeles. Kundi la kijiji cha Putti lenyewe lilichagua njia ya Kiorthodoksi.

Mwishoni utakaa mbele ya marabi watatu. Watauliza kwa nini, na utafanya nini siku Sabato itakapokugharimu kazi. Kwa kuwa umetahiriwa, utachomwa kidogo litoke tone moja la damu, kisha utazama mikve, birika la utakaso. Maji yake sharti yawe ya mvua, chemchemi au bahari, yasiyoletwa kwa ndoo. Birika hujazwa angalau sea 40, kipimo ambacho kwa hesabu ndogo ni kama lita 330, na wajenzi wengi hupita 750 kwa usalama. Bahari ya Hindi inafaa kabisa. Uzame wote bila vazi, bila pete, bila plasta, maji yaguse kila sehemu. Dada zetu wajue: nywele za bandia, wigi la kushonea na kucha za kubandika hutolewa kabla, basi pangeni siku na msusi.

Kabla hujaanza, uliza: cheti cha baraza hili kinatambuliwa na nani? Cha Reformu hakitambuliwi na Waorthodoksi. Cha Kiorthodoksi nacho, kama marabi wake hawamo katika orodha ya Urabi wa Israel, kinaweza kukataliwa huko. Na ukiwa na mchumba Myahudi, hili ni la dada zetu hasa, ulizeni kama yeye ni Kohen. Waorthodoksi hawaruhusu Kohen amwoe aliyeongoka, na ni uchungu mkubwa kuligundua hilo baada ya miaka mitatu ya masomo.

*

SWALI: Dada yangu aliongoka, akaolewa na Myahudi kwa ndoa ya Kiorthodoksi. Mahakama imeshatoa talaka. Rabi anasema bado ni mke wa mtu, na yule bwana anadai nyumba ndipo amwachie. Hii ni haki?
— Kaka mwenye hasira, Toronto

JIBU: Si haki, na marabi wengi wakweli watakwambia hivyo. Lakini rabi hakumdanganya.

Ndoa ya kidini huvunjwa kwa hati iitwayo get: mistari 12 inayoandikwa na mwandishi maalumu kwa ajili ya watu hao wawili, mbele ya mashahidi wawili, mume akaitoa kwa hiari na mke akaipokea mikononi. Bwana asipotaka kumwona, mjumbe anaweza kuipeleka. Baada ya hapo mwanamke husubiri siku 90 kabla ya kuolewa tena, kama eda. Bila get, akizaa na mwanamume mwingine, sheria ya Kiorthodoksi humfunga mtoto huyo asiweze kuoa Wayahudi wengi. Ndiyo maana asilipuuze hata akiwa amekwisha acha dini.

Canada mnayo silaha. Tangu 1990 Sheria ya Talaka inaruhusu mahakama kukataa maombi na utetezi wa mwenzi anayemzuilia mwenzake kuoa au kuolewa tena kidini. Dada yako anatakiwa kwanza aape kwa maandishi na kumpa mume nafasi ya kuondoa kizuizi. Amwone wakili wa familia kabla ya kusaini mgawanyo wowote wa mali, kwa sababu shauri likifungwa, nguvu hiyo inapungua. Wakati huohuo apeleke malalamiko bet din, baraza la marabi, ambalo linaweza kumwita bwana na, akikaidi, kutangaza asipewe heshima sinagogini.

Kwa wanaojiandaa kuolewa: wapo marabi wa Kiorthodoksi Marekani ambao hawafungishi ndoa bila mkataba wa awali. Ule wa Bet Din ya Marekani humtaka mume amlipe mke matunzo ya dola 150 kwa siku, ikipandishwa kufuata gharama za maisha, tangu wanapoacha kuishi pamoja hadi get itolewe. Huandikwa kabla ya harusi, husainiwa mbele ya shahidi au mthibitishaji, na kila mmoja hubaki na nakala yake. Dada zetu, ombeni mkataba huo mapema, wakati bado mnapendana.